Karani hagusi zebaki, mkojo wake umesoma 96. Mchomaji 14. Hii imekaaje?

#1 Kinu_cha_Mawe
Wakuu, salaam. Kuna eneo la kuchenjulia dhahabu huku Kanda ya Ziwa: karasha mbili (mashine za kusaga mawe), mialo minne (mbao za kuoshea mchanga wa dhahabu), chumba cha kuchomea dhahabu iliyokamatwa na zebaki, na ofisi ya kununulia iliyopakana nacho ukuta kwa ukuta. Watu saba wamepimwa mkojo kuangalia zebaki. Majibu yamerudi hivi, yote kwa mikrogramu kwa lita:

Mchomaji 14
Karani wa ofisi 96
Wa mwaloni (A) 22
Wa mwaloni (B) 27
Wa karasha 5
Dereva 6
Mlinzi wa usiku 31

Mchomaji yuko kwenye moto mwaka wa tatu sasa. Karani ni dada wa mizani, daftari na simu. Hajawahi kushika zebaki kwa mkono. Mwenye eneo kashaanza kutamba kwamba kipimo ni cha uongo. Mimi naona mawili: ama maabara imechanganya chupa, ama mkojo haufai kwa zebaki na ilitakiwa damu. Karibuni.

#2 Chumvi_Kidogo
Labda karani ndiye anayechoma, na mchomaji ndiye anayeandika daftari. Umeshawakuta kazini?

#3 Bi_Pipeti
Kabla hujaibebesha maabara lawama, kreatinini ziko wapi? Majibu ya mikrogramu kwa lita peke yake hayalinganishi mtu na mtu. Aliyekunywa maji mengi, zebaki yake imezimuliwa. Aliyeshinda juani bila maji, mkojo wake ni kama sharubati. Kreatinini hutolewa na misuli kwa kasi isiyobadilika sana, kwa hiyo unagawa zebaki kwa kreatinini unapata mikrogramu kwa gramu. Hapo ndipo mnaweza kuanza kugombana.

Na kuna mipaka. Kreatinini ikiwa chini ya gramu 0.3 kwa lita au juu ya 3.0, sampuli haifai, mtu anarudia. Wasio na kipimo cha kreatinini hutumia uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji, kile kifaa cha lenzi unachodondoshea tone moja: kati ya 1.010 na 1.030 ndiyo inakubalika.

#4 Mzee_Tochi
Kinu, hoja yako ya damu ni nusu tu. Zebaki ya kuchomea huingia kama mvuke, na mapafu hubakiza kama asilimia 80 ya kile unachovuta. Ikishaingia hubadilika, inakwenda kukaa kwenye figo, na figo ndizo zinazoitoa kidogo kidogo. Kwa zebaki ya aina hiyo mkojo ndicho kipimo chenyewe. Damu inafaa kama mtu amevuta moshi mkali jana au juzi, maana ndani ya siku chache damu inashuka wakati mkojo bado haujapanda.

Zebaki ya mkojoni ina nusu-maisha (muda wa kupungua nusu) ya kama miezi miwili. Maana yake unasema habari ya miezi iliyopita, hausemi habari ya jana. Mtu aliyeanza kazi wiki tatu zilizopita atasoma chini hata kama anavuta sumu nyingi. Na mtu akisimama kazi wiki mbili ili "asafike" kabla ya kupimwa, atakuwa ameshuka kama asilimia 15 tu. Hawezi kuficha.

#5 Ziwa_Letu
Mbona hakuna aliyetaja samaki? Huyo dada huenda anakula sangara kila siku. Ziwa lina zebaki ya mialo miaka yote hii.

#6 Mzee_Tochi
#5 hapana. Zebaki ya samaki ni methili-zebaki, na hiyo hutoka zaidi kwa njia ya choo kikubwa na hukaa kwenye damu na nywele. Ndiyo maana Minamata na Irak, kulikotokea sumu ya methili-zebaki, walipima nywele. Ikiingia mkojoni ni kiasi kidogo kisichoweza kumpeleka mtu 96. Ukila sangara asubuhi, mchana na jioni, nywele zitasema, mkojo utanyamaza.

#7 Ziwa_Letu
Nimekubali kwa mkojo. Kwa nywele sijakubali bado, ila huo ni uzi mwingine.

#8 Kinu_cha_Mawe
Asante Bi Pipeti. Kumbe kreatinini zipo, ziko ukurasa wa pili na hakuna aliyeufungua. Gramu kwa lita: mchomaji 0.4, karani 2.4, mwaloni A 1.1, mwaloni B 1.8, karasha 1.25, dereva 1.5, mlinzi 3.4.

#9 Bi_Pipeti
Sasa gawa.

Mchomaji 14 ÷ 0.4 = 35
Karani 96 ÷ 2.4 = 40
Mwaloni A 20
Mwaloni B 15
Karasha 4
Dereva 4
Mlinzi 31 ÷ 3.4 = 9, lakini kreatinini imevuka 3.0, arudie.

Umeona? Ile tofauti ya mara saba kati ya karani na mchomaji imekuwa 35 na 40, ambayo kwa sampuli moja moja ni sawa tu. Mchomaji alikuwa na mkojo wa maji. Kutoka hapo swali linabadilika: karani amefikaje kiwango cha mchomaji?

#10 Chumvi_Kidogo
Mchomaji aliambiwa kesho kuna vipimo, akapiga majagi mawili ya maji. Mnamwita mjinga lakini 0.4 bado iko ndani ya mpaka wa dada Pipeti. Kapiga hesabu kuliko sisi.

#11 Rangi_na_Thina
Viwango vyenyewe vinasemaje? Najua Uingereza ni 20 na Marekani ni 20, kwa hiyo wote wawili wamepita.

#12 Hewa_Safi
Angalia vizio mkuu, hapo ndipo wengi hujikwaa. 20 ya Marekani, ile ya ACGIH, chama cha wataalamu wa afya kazini, ni mikrogramu kwa gramu ya kreatinini, na sampuli inachukuliwa kabla ya zamu. Zamani ilikuwa 35, wakaishusha. 20 ya Waingereza ni mikromoli kwa moli ya kreatinini, ambayo ukiigeuza ni kama 35 ya Kimarekani. Kwa hiyo Mchomaji kwa Waingereza yuko mstarini, kwa Wamarekani kapita mbali. Wajerumani wana ngazi mbili kwa watu wote, hata wasio wafanyakazi: 5 kwa gramu ni chini ya hapo usihangaike, 20 kwa gramu ni hapo chukua hatua. Karasha na dereva wako chini ya ngazi ya kwanza, wengine wote juu.

Na kiwango si ukuta kati ya mzima na mgonjwa. Mikono kutetemeka waziwazi huwa kwa walio juu sana, karibu na 100 na kuendelea, ila mabadiliko madogo ya figo na ya neva yameonekana chini ya hapo.

#13 Zamu_ya_Usiku
Niseme ambalo wanaume wa uzi huu hawajalifikiria. Muulizeni huyo dada, kwa staha na faraghani, anapaka nini usoni.

Krimu na sabuni za kung'arisha ngozi zenye zebaki bado zinauzwa. Sabuni za aina hiyo huwa na kati ya asilimia 1 na 3 ya chumvi ya zebaki, krimu hufika hadi 10. Asilimia 1 ni miligramu 10,000 kwa kilo, wakati kiwango cha mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa zebaki, kilikuwa 1 kwa kilo, na baadaye wakakubaliana kufuta kabisa. Zebaki ya krimu ni ya chumvi, inapita kwenye ngozi, inakaa figoni, inatoka kwenye mkojo. Mkojo hauwezi kukwambia hii ilitoka kwenye krimu na hii ilitoka kwenye moto. Zikiwa mwilini ni zilezile.

Kwenye lebo tafuta maneno kama calomel, mercuric iodide, ammoniated mercury, au onyo la kutogusisha krimu na dhahabu, fedha au aluminiamu. Mara nyingi lebo haisemi kitu, kwa hiyo kopo lenyewe lipelekwe kupimwa. Ile bunduki ya eksirei wanayopimia madini inasoma zebaki ya kopo ndani ya dakika moja.

#14 Chumvi_Kidogo
Krimu isiyotaka kugusana na dhahabu, halafu mpakaji ni karani wa dhahabu. Hata pete yake ingekuwa imeshatoa ushahidi.

#15 Sonara_Mnyamavu
Mnakimbilia krimu haraka mno. Swali kwa Kinu: wachimbaji wakileta ile dhahabu sponji iliyokwisha kuchomwa, nani anaiyeyusha, na wapi?

#16 Kinu_cha_Mawe
Inayeyushwa palepale ofisini kwenye kona, kijungu na jiko la gesi, kabla ya kupima uzito. Dakika tano tu. Kuna feni inayotoa moshi dirishani.

#17 Sonara_Mnyamavu
Basi hapo ndipo penye ugomvi. Sponji haijaisha zebaki. Mchomaji huchoma mpaka rangi igeuke njano, halafu anaacha, na ndani hubaki asilimia kadhaa. Ukiileta kwenye moto wa kuyeyusha dhahabu, nyuzi 1,064, wakati zebaki huchemka kwa 357, yote iliyobaki hutoka kwa mkupuo. Piga hesabu: gramu 100 za sponji zenye asilimia 3 ni gramu 3 za mvuke ndani ya ofisi yenye karani. Mchomaji anachoma nje ya ofisi au kwenye retoti (chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke), karani amefungiwa chumbani na mvuke.

#18 Hewa_Safi
Naongezea #17. Gramu 3 ni mikrogramu milioni 3. Kikomo cha ACGIH cha hewa ya kazini ni mikrogramu 25 kwa mita ya ujazo. Ofisi ya mita 3 kwa 4 yenye kimo cha mita 2.5 ni mita za ujazo 30. Hata feni ikitoa asilimia 99, zinazobaki ni 30,000, yaani 1,000 kwa kila mita ya ujazo hadi hewa ibadilike. Dakika tano ni nyingi.

Halafu feni inatoa moshi dirishani, na dirisha linaangalia wapi? Kama upepo unarudi mlangoni, umehamisha tu. Na mvuke ukigusa bati na ukuta wa baridi usiku hugeuka vitone visivyoonekana, unakaa kwenye vumbi, kapeti, makaratasi. Bati likipata jua la saa sita unarudi tena hewani. Chumba kinaendelea kutoa zebaki hata siku ambayo hakuna aliyeyeyusha. Chombo cha kupima mvuke wa zebaki, kama Lumex au Jerome, kikipitishwa kwenye ukuta na chini ya meza ya mizani kitasema ndani ya robo saa.

#19 Zamu_ya_Usiku
Sikatai ofisi. Ila kama ni ofisi, wanunuzi wengine wanaoshinda humo nao wangesoma juu. Wamepimwa?

#20 Kinu_cha_Mawe
Mnunuzi ndiye mwenye eneo. Alikataa kukojoa.

#21 Chumvi_Kidogo
Hilo peke yake ni jibu.

#22 Bi_Pipeti
Kabla hamjafunga kesi, mimi bado nina mashaka na sampuli yenyewe. Ilichukuliwa wapi na kwa chupa gani?

#23 Kinu_cha_Mawe
Palepale eneoni, saa tisa alasiri. Chupa za plastiki za duka la dawa. Karani alitumia choo cha nyuma ya chumba cha kuchomea kama wengine wote.

#24 Bi_Pipeti
Basi mmekosea karibu kila hatua, na mnisamehe kwa ukali. Niende polepole.

Chupa: polipropilini yenye kifuniko cha kuzungusha, au kioo kigumu. Ioshwe kwa asidi ya nitriki ya asilimia 10, ilale humo usiku kucha, isuuzwe kwa maji yaliyotakaswa mara tatu, ikaushwe ikiwa imefunikwa. Plastiki laini ya polithini hupitisha mvuke wa zebaki pande zote mbili: chumba chenye mvuke kitaingiza, chumba kisafi kitatoa. Kwa zebaki rangi ya kifuniko si shida, ila kama siku moja mtapima kadimiamu, epukeni vifuniko vyekundu na vya njano.

Mahali: nyumbani, asubuhi, mkojo wa kwanza, kabla ya kwenda kazini, mikono imeoshwa kwa sabuni, nguo za kazi hazijavaliwa. Tone moja la zebaki lisiloonekana kwenye kucha linatosha kuharibu. Mkojo wa 50 ml wenye 10 kwa lita una mikrogramu 0.5 tu ya zebaki. Kitone chenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita kina uzito wa kama mikrogramu 7. Kikidondokea ndani, karani wako anasoma 150.

Kutunza: kuna bakteria kwenye mkojo wanaoigeuza zebaki kuwa mvuke ikatoroka, kwa hiyo sampuli iliyokaa juani inasoma chini. Itiwe asidi kidogo au ikae baridi ya nyuzi 4, na ifike maabara ndani ya siku chache, la sivyo igandishwe. Dawa ya kuhifadhia iitwayo thiomesali isitumike, yenyewe imetengenezwa kwa zebaki. Kreatinini ipimwe kwenye kichupa cha pembeni kisichotiwa asidi.

Na kila safari peleka chupa ya shahidi: chupa ileile, maji yaliyotakaswa, inafunguliwa palepale mtu anapokojolea, inafungwa, inasafiri na wenzake. Ikirudi na namba, uchafu uliingilia njiani.

#25 Mzee_Tochi
Haya yote sahihi, lakini uchafu wa mahali ungewapata wote saba. Choo kimoja, chupa za katoni moja, saa moja. Wa karasha na dereva wamesoma 4. Kwa nini kitone kimchague karani?

#26 Bi_Pipeti
Kwa sababu karani hushika noti na sponji, dereva hashiki. Kucha, mzee.

#27 Mashine_Baridi
Mimi naongezea tuhuma ya tatu ambayo Pipeti kaificha kwa kuwa ni ya wenzake. Zebaki ina tabia ya kung'ang'ania mirija ya mashine. Kwenye ICP-MS, mashine ya kupima metali, ukipitisha sampuli ya juu au kiwango cha kupimia cha 100, inayofuata inabeba mabaki. Uliza orodha ya mpangilio wa siku ile: karani alikuwa wa ngapi, na kabla yake alipita nani? Dawa yake ni kuosha mirija kwa asidi yenye dhahabu kidogo, maana dhahabu inaikamata zebaki, na kuweka sampuli tupu kila baada ya sampuli ya juu.

#28 Chumvi_Kidogo
Kwa hiyo mialoni wanatumia zebaki kukamata dhahabu, na maabara wanatumia dhahabu kukamata zebaki. Mwishoni nani anamlipa nani?

#29 Bi_Pipeti
Sijaficha, sikuwa nimefika. Ni kweli kwa ICP-MS. Kama walitumia mvuke baridi, ile ya kutia stanasi kloraidi zebaki ipande kama gesi ipite kwenye taa, mabaki ni madogo ila yapo. Kinu, kwenye karatasi ya majibu angalia mambo mawili: njia iliyotumika, na kama walipitisha mkojo wa kudhibiti, mfano Seronorm, na ulisoma ngapi. Maabara isiyoshiriki ulinganisho wa nje, kama ule unaoendeshwa kutoka Erlangen, Ujerumani, namba zake ni za kuaminiana tu.

#30 Rangi_na_Thina
Kwa watu wa thina hadithi hiihii ya "namba kutoka kwingine" ipo. Zamani tolueni ya kwenye thina ilipimwa kwa asidi ya hipuriki kwenye mkojo. Lakini benzoeti ya kuhifadhia soda na jemu inageuka asidi hiyohiyo mwilini. Mtu asiye na thina, chupa mbili za soda, anasoma kama mpaka rangi. ACGIH wakaiacha, wakahamia kwenye otho-kresoli na tolueni yenyewe kwenye mkojo, inayochukuliwa mwisho wa zamu, tofauti na zebaki. Kwa benzini nayo, asidi ya mukoniki inapandishwa na sobeti ya kwenye vyakula, wanaotaka uhakika wanapima SPMA, zao jingine la benzini kwenye mkojo, na huuliza kwanza kama mtu anavuta sigara.

#31 Mto_Mara
Na sianidi je? Siku hizi wengi wanaacha zebaki wanahamia kwenye vati za sianidi wachenjue marudio, ule mchanga uliokwisha kuchenjuliwa mara ya kwanza. Nimeona kampuni ya upimaji inatangaza kupima thiosianati kwenye mkojo wa wafanyakazi.

#32 Mzee_Tochi
Itawachanganya huko huko Mara. Mwili hugeuza sianidi kuwa thiosianati, ni kweli, lakini muhogo mchungu usiolowekwa vizuri unafanya hivyohivyo, na sigara pia. Wilaya ya Tarime ilipata ugonjwa wa konzo mwaka 1985, watu wakapooza miguu kwa muhogo uliokatishwa usindikaji wakati wa ukame, na mikojo yao ilikuwa na thiosianati ya juu bila mgodi wowote. Kwa sianidi ya vati, pima hewa na angalia pH ya maji. Ikishuka chini ya 10 gesi inaanza kutoka. Mkojo utakuletea habari za ugali.

#33 Kaunti_48
Nasoma nikiwa Migori, hali ni hiyohiyo. Huku mwajiri anawapa wachomaji maziwa pakiti moja kila siku, eti yanaosha kemikali. Inasaidia?

#34 Zamu_ya_Usiku
Inasaidia njaa. Zebaki imeingia kwa mapafu, maziwa yanakwenda tumboni, hawakutani. Ubaya ni kwamba pakiti ya maziwa inaonekana kama kinga, kwa hiyo retoti hainunuliwi.

Na mwingine atakuja kuuliza dawa ya kutoa zebaki ili "mkojo uonyeshe vizuri". Msifanye. Ukimpa mtu DMSA halafu ukapima, namba itaruka kwa kila mtu, hata asiye na tatizo, na hakuna kiwango cha kulinganishia. Dawa hiyo ni ya daktari kwa mgonjwa mwenye dalili aliyekwisha kutolewa kwenye chanzo.

#35 Kaunti_48
Shukran. Na ile ya vijiti? Kliniki hapa inachovya kijiti kwenye mkojo inaandika "hakuna kemikali".

#36 Bi_Pipeti
Kijiti kinasoma protini, sukari, damu, nitriti. Hakijui zebaki ni nini. Protini ikionekana kwa mchomaji ni ishara kwamba figo zimeanza kulalamika, hivyo kina faida yake, lakini aliyeandika "hakuna kemikali" ameandika asichokipima. Nitriti ya kijiti ni ya bakteria.

#37 Ziwa_Letu
Ngoja nirudi kwa mchomaji, mmemwacha mapema. Miaka ya 2000 UNIDO, shirika la viwanda la Umoja wa Mataifa, walipima mikojo Rwamagasa, Geita, na waliochoma ndio waliosoma juu. Huyu wa miaka mitatu kwenye moto ana 35 tu? Je, isiwe figo zake zimeshachoka, hazitoi tena? Namba ndogo ikawa ndiyo mbaya?

#38 Zamu_ya_Usiku
Figo zilizoharibika sana hutoa zebaki kidogo, hilo lipo. Ila mtu wa hali hiyo angekuwa amevimba miguu au shinikizo limepanda. Apimwe protini na kreatinini ya damu, itajulikana mara moja. Mimi nabaki na maji aliyokunywa.

#39 Sonara_Mnyamavu
Au anatumia retoti kwa kweli. Wapo. Bomba lenye maji ya kupozea, zebaki inarudi kikombeni, anaitumia tena. Mchomaji anayelipwa kwa kurudisha zebaki ana sababu ya kuitunza, asiyelipwa anachoma kwenye koleo.

#40 Kinu_cha_Mawe
Nimerudi na mrejesho, wiki tatu baadaye. Retoti ipo, na anaitumia siku ambazo mwenye eneo yupo. Mpangilio wa mashine maabara wamekataa kuutoa, ila njia ni mvuke baridi. Dada wa ofisini amekasirika alipoulizwa kuhusu krimu, hakuleta kopo, siwezi kumlazimisha. Chupa ya shahidi safari hii tumepeleka, imerudi chini ya kiwango cha kusomeka.

Waliorudia asubuhi wakiwa nyumbani ni wawili. Karani: 58, kreatinini 1.6. Mlinzi: 44, kreatinini 2.1.

#41 Bi_Pipeti
Karani 36. Kwa hiyo si kitone, kitone hakirudii mara mbili. Mlinzi 21. Wakati ule alikuwa 9. Hmm.

Mkojo mzito wa 3.4 ukikaa baridi hutoa mashapo ya waridi, na zebaki hujibana humo. Mhudumu akinyonya maji ya juu bila kutikisa, anaacha zebaki chini. Inatakiwa irudi joto la chumba, itikiswe hadi mashapo yapotee, ndipo ichukuliwe. Naamini 9 ya kwanza ilikuwa ya uongo.

#42 Zamu_ya_Usiku
36 inarudisha krimu na ofisi zote mbili mezani. Njia ya kuzitenganisha bila kumkera: yeyusheni nje ya ofisi miezi miwili, mpimeni tena. Akishuka kuelekea 18 ni ofisi. Akibaki palepale, mimi nina haki ya kuuliza tena.

#43 Hewa_Safi
Akibaki palepale huenda ni kapeti na bati. Safisheni kwanza, msifagie, futeni kwa kitambaa kibichi. Vakyumu ya kawaida marufuku, inatawanya mvuke.

#44 Chumvi_Kidogo
Na mwenye eneo, bado hajapata mkojo?

#45 Mzee_Tochi
Tuache utani kidogo. Mlinzi 21 ananisumbua kuliko karani. Hachomi, hayeyushi, anakuja kila mtu keshaondoka. Mvua ikinyesha usiku anajikinga wapi?

#46 Kinu_cha_Mawe
Chumba cha kuchomea. Ndicho chenye mlango unaofungika, na kina joto.

#47 Hewa_Safi
Leteni chombo cha kupimia hewa saa kumi alfajiri, kabla hajafungua huo mlango.